Pumzi inapita wapi: maongezi chini ya mkorosho, Tandahimba

Haya wazee wangu shikamooni, njomba zangu, akina mama, tusogee kivulini maana jua la leo halina utani. Nimeambiwa niongelee mapafu, na mi nimeona niachane na michoro ya ukutani nianze na hili limetoka buchani asubuhi hii, pupu la mbuzi. Nalitumbukiza kwenye ndoo... mnaona, linaelea. Mnaopika mnajua, ini linazama lakini pupu linapanda juu ya sufuria hata ulikandamize na mwiko. Ni hewa hiyo. Hata sie, ukitoa pumzi yote mpaka macho yakutoke bado ndani inabaki kama lita moja na ushee, haitoki ng'o.

Sasa tuifuate salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho kwa mashine, si ndo msimu wenyewe wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, na nyie wote mnarudi shamba nyusi za njano. Mashine ikiunguruma vumbi linaingia puani, huko kuna nywele na ute, lile nene linanasa, ndo ile kamasi ya njano unayopenga jioni. Pua pia inaipasha hewa joto na kuilowesha, mdomo hauna ufundi huo, kwa hiyo anayepuliza huku anapiga stori mdomo wazi ndo anaila salfa vizuri kuliko wote (mnamjua, simtaji).

Kooni njia zinagawanyika, bomba la hewa mbele, umio wa chakula nyuma, na kuna kifuniko kinachoziba la hewa ukimeza. Jiguse hapo shingoni chini ya kikoromeo, unasikia vipete vigumu? Hivyo havijafunga duara, kwa nyuma viko wazi, tonge kubwa likipita kwenye umio lipate nafasi. Kisha bomba linapasuka mara mbili na tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi, ndo maana mtoto akipaliwa na karanga au kipande cha korosho mara nyingi kinaishia pafu la kulia.

Matawi yanaendelea kugawanyika, yanagawanyika tena, mara 23 hivi, mpaka vifuko vidogo zaidi ya milioni 300. Ukivitandaza vyote chini unapata kama mita 70 za mraba, nyumba nzima hiyo njomba, imekunjwa kifuani! Ukuta wa kifuko ni mwembamba mno na damu inapita nyuma yake palepale, oksijeni inavuka huku, kabonidayoksaidi inavuka kule. Hewa inaingia na oksijeni asilimia 21, inatoka bado na kama 16, ndo maana unaweza kumpulizia mtu aliyezama mdomo kwa mdomo na ikamsaidia.

Ila pafu lenyewe halina msuli wa kuvuta hewa, halijiwezi. Anayevuta ni kiwambo, hiki kipande cha nyama kati ya kifua na tumbo, kikishuka kifua kinapanuka hewa inaingia yenyewe, kama bomba la sindano ukivuta mti wake.

Kuna mama kauliza, nikijifunga khanga puani inatosha? Inazuia lile nene, mama. Unywele wako una unene wa maikroni kama 70, lakini vumbi la chini ya maikroni 5 linapenya kwenye nyuzi za khanga na linaweza kufika mpaka kwenye vifuko, na huko hakuna vile vinyweleo vya kwenye matawi vinavyofagia ute na uchafu kwenda juu ukohoe au umeze. Tena mvuta sigara vinyweleo vyake vimelemazwa na moshi, anaamka alfajiri anakohoa ndo anafagia kwa nguvu kile ambacho usiku hakikufagiwa. Kwa hiyo barakoa ile nzito inayobana pembeni, na usimame upepo ukiwa mgongoni.

Na wewe kijana huko nyuma uliyeuliza kuhusu kwikwi, ni kiwambo hichohicho, kinashtuka bila ruhusa, hewa inaingia ghafla na mlango wa sauti unajifunga, ndo hiyo hik! Haya, nani anataka kulishika hili pupu, njooni mlibonyeze, linalia kama sponji.