Maji ya Uwanja Wako Yanaenda kwa Nani?

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, akina mama na vijana, habari za jioni.

Karibu kila wiki mtu ananipigia simu: "Fundi, nataka kuegesha gari mbele ya nyumba yangu, kaunsili wananizuia. Kwani kiwanja si changu?" Kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Baadhi yenu mliokaa hapa mmeniuliza hivyo hivyo. Nimepanga pevingi, yaani matofali ya kusakafia nje, mashariki ya London kwa miaka kumi na tisa, na leo nataka kulijibu swali hilo bila haraka, maana kwenye simu silimalizi.

Tuanze na hesabu ya maji. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja. Uwanja wa mbele wenye mita tano kwa tano una mita za mraba 25. Ikija mvua kubwa ya kiangazi, ya milimita 30, uwanja huo peke yake umepokea lita 750. Hayo ni karibu madumu 38 ya lita ishirini. Waliochota maji utotoni wanajua dumu moja linavyomlemea mtu. Sasa chukua mtaa wenye nyumba arobaini, zote zimeng'oa nyasi na kumwaga zege. Ni lita 30,000 zinazoteremka barabarani kwa mara moja. Kama pangekuwa na udongo na majani, sehemu kubwa ya maji hayo ingenywewa pale pale, na yaliyobaki yangetoka polepole.

Yakifika barabarani yanaingia kwenye tundu la mtaro, na tundu lile lina kipimo chake. Mabomba makuu ya London ya zamani yalijengwa na mhandisi Joseph Bazalgette baada ya kiangazi cha 1858, mto Thames uliponuka hadi wabunge wakafikiria kuhama. Sehemu nyingi bomba ni moja tu: maji ya mvua na maji ya chooni yanasafiri pamoja. Siku hizi kuna handaki jipya la kilomita 25 linalopokea yale yaliyokuwa yakimwagika mtoni. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini handaki lile halipanui bomba la mtaani kwako. Bomba la mtaani likijaa, maji yanatafuta nyumba iliyo chini kuliko zote, na yanapoingia hayaji masafi.

Sheria mnayoilalamikia, ile ya kusakafia uwanja wa mbele, ina tarehe na ina sababu. Kiangazi cha 2007 mafuriko yaliingia katika nyumba na majengo zaidi ya 50,000 nchini Uingereza. Katika mji wa Hull, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 25 Juni, mto haukupasua kingo. Mitaro ndiyo iliyozidiwa, na nyumba zaidi ya 8,600 zikaharibika. Serikali ikamteua Sir Michael Pitt achunguze, na uchunguzi wake ukaonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya mafuriko yale yalitokana na maji ya juu ya ardhi, yaani mvua iliyokosa pa kuzama. London ilikuwa imekwisha kuonywa. Ripoti ya Baraza la London ya 2005 ilikadiria kwamba bustani za mbele zilizosakafiwa jijini zina eneo la kilomita za mraba 32, sawa na bustani kubwa ya Hyde Park mara ishirini na mbili.

Ndipo ikaja kanuni ya tarehe 1 Oktoba 2008. Naomba tuielewe vizuri, maana inasemwa vibaya mitaani. Haikatazi kuegesha gari. Inasema hivi: ukitaka kusakafia zaidi ya mita tano za mraba mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, na maji hayo hayaelekezwi kwenye udongo wako mwenyewe, omba kibali cha ujenzi kwanza. Ukitumia kokoto, au pevingi inayopitisha maji, au ukaupa uwanja mteremko ili maji yaingie kwenye bustani yako, kwa kawaida huhitaji kibali hicho. Mita tano za mraba ni ndogo, mkeka mkubwa unazifunika. Wanaoishi kwenye fleti na kwenye mitaa iliyohifadhiwa kwa ajili ya sura yake ya kale wawe waangalifu zaidi, kwani huko masharti hukaza.

Nitawaambia kwa nini jambo hili linanikaa moyoni. Julai 2021 London ilipata mvua mbili kubwa, tarehe 12 na tarehe 25. Ile ya pili iliingiza maji hospitali ya Newham na ya Whipps Cross. Siku ya pili yake nikaenda kumwona mzee mmoja anayeishi chumba cha chini ya usawa wa barabara. Zulia, godoro, picha za marehemu mkewe, vyote vimelowa maji yale machafu. Nikasimama mlangoni nikatazama upande wa juu wa mtaa. Nyumba tatu za juu yake nilizipanga pevingi mimi, kwa mikono hii, na mteremko nikauelekeza barabarani kama wenye nyumba walivyotaka. Sikuweza kumtazama yule mzee usoni. Tangu siku hiyo sijakubali kazi inayomwaga maji nje, hata mteja aongeze pesa.

Sasa ukingo wa barabara. Kiwanja ni chako, lakini njia ya waendao kwa miguu si yako. Kushusha ukingo ili gari lipite ni idhini ya kaunsili, chini ya Sheria ya Barabara Kuu ya 1980, kifungu cha 184. Kupandisha gari juu ya njia ya miguu bila idhini ni kosa tangu sheria ya 1835, enzi za farasi. Wapo wanaoweka ubao au kipande cha mpira na kuingia hivyo hivyo. Mawe yanapasuka, na chini yake kuna mabomba ya maji na ya gesi. Kipofu anayefuata ukingo kwa fimbo yake anajikwaa.

Tena kuna jambo watu hawalifikirii. Ukingo ukishushwa, hakuna wa kuegesha mbele yake. Umejipatia nafasi moja, na mtaa umepoteza nafasi moja ambayo nesi wa zamu, mgeni wa msiba au jirani mpangaji angeitumia. Kwetu mbele ya nyumba ni barazani, mahali pa salamu, na ninaona uchungu mtaa unapogeuka safu ya magari kutoka ukuta hadi ukuta.

Hata hivyo kaunsili nao wana lawama yao. Aliyesakafia kinyume cha kanuni miaka kumi iliyopita ameachwa, na anayeomba kwa adabu leo anakataliwa. Gari la umeme ni rahisi kulichaji nyumbani kuliko mtaani, kwa hiyo asiye na uwanja anaumia mara mbili. Hilo ni dhuluma, na tuwabane madiwani wetu kwenye mikutano. Lakini tuwabane wasimamie kanuni kwa wote, wasije wakaifuta.

Kuhusu kazi yenyewe: gari halihitaji uwanja mzima. Panga mistari miwili ya matairi, katikati na pembeni acha udongo na mimea. Pevingi ya kupitisha maji hukaa juu ya kokoto safi zisizo na vumbi. Fundi akimwaga mchanga na saruji chini yake, maji hayapiti, umenunua jina tu. Uso wa sakafu ubaki angalau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani, la sivyo ukuta wa sebuleni utaota ukungu. Shimo la kunywesha maji, yaani la kuyazamisha maji ya mvua ardhini, liwe mita tano au zaidi kutoka nyumbani, na mjue udongo wetu wa mfinyanzi hunywa taratibu sana. Kwenye viwanja vifupi mimi napendelea kitalu kipana cha maua upande wa chini wa mteremko.

Nimeleta tepu na pimamaji. Wenye picha na vipimo vya viwanja vyao, njooni hapa mbele tuangalie kimoja kimoja. Mama wa nyumba ya kona, nimeiona barua yako ya kukataliwa, tuanze na wewe.