Crohn: kwa nini vipimo haviishi

Habari zenu Kigoma, Mwanga mpaka Ujiji. Swali ni lile lile kila wiki: mtu anaharisha miezi, anakonda, anaambiwa vipimo safi, Crohn, ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda usioisha, inaonekanaje? Najua kuna watakaosema naringia hospitali za Uingereza. Jamani, huku nako hakuna kipimo kimoja kinachomaliza kazi, na bila barua ya daktari wa kawaida bingwa humwoni.

Taifodi na amiba naruka, mmeshatibiwa sana. Kichocho msikiruke, ziwa mnaogelea.

Kuna kipimo cha choo, kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo umevimba. Chini ya 50, uvimbe wa utumbo ni nadra; juu ya 250, kamera ya kuingizwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo inahitajika. Ila ukiwa unameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, namba hupanda yenyewe.

Pesa inaliwa kwenye kamera. Kabla ya kukata tiketi ya kwenda Mwanza au Dar, pigeni simu: mashine inafanya kazi? Bima inalipia na kusoma kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo kinachokatwa kupimwa, au hiyo ni bili nyingine? Vidonge vya kuongeza damu acheni wiki moja kabla, vinafanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Maharage na mboga za majani acheni siku tatu kabla. Wali mweupe na samaki sawa. Juisi ya rozela hapana, itadhaniwa damu. Dawa ya kusafisha utumbo igawanywe, nusu jioni, nusu alfajiri, mpaka kitoke kimiminika cha njano kisicho na chembe. Utumbo ukiwa mchafu unarudia, na kulipa unalipa tena.

Ripoti ikisema "utumbo mpana safi" tu, ulizeni: kamera iliingia mwisho wa utumbo mdogo? Crohn hupenda kukaa pale. Na vinyama vichukuliwe hata panapoonekana pazima.

Shida ni kwamba TB ya tumbo nayo hukaa pale pale, na kwa macho zinafanana. Ombeni vinyama viwili tofauti: kimoja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, cha kusomwa kwa hadubini, kingine kwenye maji ya chumvi ya hospitali kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta vijidudu vya TB, na kuviotesha maabara, maana formalini inaua vijidudu. GeneXpert ikisema hakuna, TB bado haijatoka. Wengine huanzishiwa dawa za TB, kisha kamera inarudiwa baada ya miezi miwili au mitatu. Miili inatofautiana, daktari wako ndiye anayekujua.

Na nyie mnaoniandikia inbox niwatumie prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa mtu anayekuja: situmi, niiteni bahili. Kama ni TB, inashusha kinga na TB inasambaa. Halafu inapoza vidonda kwa muda, kamera ikifika haioni kitu.