Mkoba wa dawa wa safari ya Zanzibar: tuupange pamoja kabla hujapanda boti

Karibu. Hapa mezani nina mkoba mdogo wa zipu, karatasi, kalamu, na dawa chache ambazo baadhi yake bila shaka unazo nyumbani. Leo tunapanga safari ya familia kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja: kutembea Mji Mkongwe, kuvuka kwenda Changuu kuona kobe, kupita msitu wa Jozani, halafu siku chache za ufukweni Paje au Nungwi.

Mimi ni mfamasia. Msimu wa likizo wateja huja dukani na tiketi ya boti mkononi wakisema, "Nipe dawa za safari." Nawauliza maswali mawili: mnakwenda kina nani, na mnakwenda kufanya nini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayojaza mkoba. Kwa hiyo usinunue kitu kwanza. Chukua karatasi.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Kila msafiri na mstari wake: jina, umri, ugonjwa alionao, dawa anazotumia na nguvu yake kwa miligramu, na dawa inayomdhuru. Kwa watoto ongeza uzito wa sasa, si ule wa kadi ya kliniki ya mwaka juzi. Ukiwa na bima, andika namba ya uanachama, kisha piga simu kwa mfuko wako uulize ni vituo gani vya Unguja vinavyopokea kadi yako. Uliza kabla ya safari, maana kadi inayokubalika Dar si lazima ikubalike kila mahali upande wa pili. Watazamaji mnaotoka nje ya Tanzania, kumbukeni kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Someni masharti yanayowahusu.

Ukimaliza, piga karatasi hiyo picha na umtumie mtu mzima mwingine mnayesafiri naye. Kumwambia daktari "anakunywa kile kidonge cheupe cha presha" hakumsaidii kitu. Vidonge vyeupe vya presha ni vingi mno.

Hatua ya pili: dawa za kila siku. Presha, kisukari, pumu, kifafa, dawa za kufubaza virusi, chochote kinachotumika daima. Hesabu siku za safari, kisha ongeza dozi za siku tatu au nne, kwa sababu bahari ikichafuka boti huahirishwa. Dawa zibaki kwenye pakiti zake zenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na tafadhali, zikae kwenye begi la mkononi. Mizigo mikubwa hukusanywa pamoja na huwezi kuifikia mkiwa katikati ya bahari. Mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni, hata akiwa ndani ya mashua ya kwenda kuangalia pomboo Kizimkazi.

Insulini inataka maneno ya ziada. Adui zake ni wawili, joto kali na kuganda. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na usiiweke ikagusana na barafu. Ukifika, omba nafasi kwenye jokofu la hoteli, mbali na sehemu ya kugandishia. Umeme ukikatika, chupa yako ndani ya kopo lililofungwa vizuri, kopo hilo likaelea kwenye mtungi wa udongo wenye maji, itakaa kwenye ubaridi wa kutosha. Mitungi ipo na inafanya kazi hiyo vizuri. Mwenye kisukari abebe pia biskuti au pakiti ya juisi kila mnapotoka. Mkiwa huko mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo anayetakiwa kumeza dawa na chakula ajipangie mapema ale chumbani kwake.

Hatua ya tatu, boti. Safari ni kama saa mbili, na wakati wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, mkondo wa Zanzibar unaweza kuwa na mawimbi makubwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kumeza dawa ya kuzuia kutapika akiwa ameshaanza kuona kizunguzungu. Kidonge hicho hakitapata nafasi ya kufanya kazi, kitatoka na chai ya asubuhi. Sinarizini, ambayo ndiyo inayotumika sana, humezwa saa mbili kabla. Boti ikiondoka saa moja asubuhi, wewe unameza saa kumi na moja alfajiri, pamoja na kitu chepesi tumboni: mkate, ndizi, uji kidogo. Dawa hizi huleta usingizi, kwa hiyo atakayeendesha gari mkishuka asizitumie. Mama mjamzito na watoto wadogo, muulize mfamasia kwanza, usikadirie.

Ndani ya boti tafuta kiti cha katikati au cha nyuma, ghorofa ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Weka simu pembeni. Angalia mbali, pale bahari inapokutana na anga.

Hatua ya nne, sasa tufungue mkoba. Naweka paracetamol ya vidonge kwa wakubwa, miligramu 500. Mtu mzima humeza viwili kila baada ya saa sita, na asizidishe vinane kwa saa 24. Ya watoto ni sirapu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna sirapu yenye miligramu 120 ndani ya mililita 5, na kuna yenye 250 ndani ya mililita 5 hizohizo. Dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180: hiyo ni mililita 7 na nusu za sirapu ya kwanza, lakini ni karibu mililita 3 na nusu tu za sirapu ya pili. Ukimpimia kwa mazoea umemzidishia mara mbili. Ndiyo maana niliomba uzito kwenye karatasi. Beba na bomba la kupimia dawa, kijiko cha hotelini hakipimi kitu.

Endelea: kipimajoto. Pakiti nne au tano za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Zinki kama kuna watoto wa chini ya miaka mitano. Dawa ya mzio, mfano setirizini. Plasta, gozi, bandeji moja, kibano, mkasi mdogo, povidoni ayodini ya kusafishia vidonda, glavu. Dawa ya kujipaka kuzuia mbu.

Antibayotiki zilizobaki kwenye droo tangu mtoto alipougua mwezi uliopita, ziache hukohuko, na usizitumie hata ukiwa nyumbani. Dawa mseto ya malaria nayo haimezwi kwa kubahatisha. Homa hupimwa kwanza.

Hatua ya tano ni miguu. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakitoka wakati wa bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, hutoka mbali sana, na kila mgeni hutamani kutembea hadi kwenye mashamba ya mwani. Nenda, ni pazuri sana, ila usiende pekupeku. Kwenye mawe na matumbawe wanakaa wale wanyama weusi wa duara wenye miiba mirefu, myembamba, inayokatikia ndani ya ngozi. Yeboyebo zinazobana mguu zinatosha kupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Kandambili huvuliwa na maji.

Ikitokea mtu amechomwa, mtoe majini, mkalishe. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kwa nusu saa au zaidi, ukiyaongeza yanapopoa. Moto huo ni ule ambao mtu mzima asiyeumwa anauvumilia kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu makali anaweza kuungua bila kujua. Maji ya moto hutuliza maumivu. Kisha kwa kibano toa miiba inayoonekana na kushikika, safisha kwa sabuni na maji safi. Iliyovunjikia ndani usiichokonoe kwa sindano wala pini. Midogo mingi huisha au hutoka yenyewe. Wenyeji wanaweza kukuletea utomvu wa papai bichi, ni tiba yao ya siku nyingi. Simkatazi mtu, mradi maji ya moto na usafi vitangulie. Mwiba ukiwa karibu na kiungo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu kesho yake, nenda hospitali. Uliza pia habari ya sindano ya pepopunda.

Yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, akikugusa, suuza kwa maji ya bahari, siyo maji baridi ya bomba, na usisugue kwa mchanga. Ondoa nyuzi zake kwa kibano, halafu maji ya moto kama tulivyoeleza. Mtu akianza kuhema kwa shida au kuvimba uso, hiyo si shida ndogo tena. Mkimbize.

Pikipiki nazo. Wageni wengi hukodi, na wengi huungua muundi kwa bomba la moshi. Maji safi yanayotiririka, dakika 20 kamili. Hakuna dawa ya meno, hakuna asali, hakuna mafuta. Na Jozani, kima punju watakuja karibu sana. Piga picha, usiwashike, usiwalishe. Mnyama yeyote akikuuma, awe kima, paka au mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona kama kutatokea kitu.

Jua: anayeogelea kifudifudi akitazama samaki haoni mgongo wake unavyoungua, kwa hiyo avae fulana majini. Kama mnasafiri na ndugu mwenye ualbino, panga matembezi ya asubuhi na jioni, kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, yapakwe tena kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino pale hospitali ya KCMC, Moshi. Yatafuteni wiki kadhaa kabla ya safari, kupitia kliniki ya ngozi au chama chao.

Tumbo. Forodhani mle, urojo mle, ila chagua kinachotoka jikoni kikiwa cha moto mbele yako. Kuharisha kukianza, kazi ya kwanza ni kurudisha maji mwilini. Soma pakiti ya ORS, nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi, na mchanganyiko hutupwa baada ya saa 24. Mtoto anyonye au ale kama kawaida. Damu kwenye choo, macho kuingia ndani, mtoto kulegea au kutapika kila kitu: nendeni hospitali usiku huohuo.

Hospitali ipi? Hii ndiyo hatua ya mwisho, na ifanye ukiwa bado nyumbani. Nyuma ya ile karatasi andika kituo cha karibu na kila mtakapolala. Mjini kuna Mnazi Mmoja. Kaskazini, upande wa Nungwi, kuna Kivunge. Kusini kuna Makunduchi. Siku mnayofika mwulize mwenyeji wako kuna kituo gani karibu zaidi, duka la dawa linafungwa saa ngapi, na dereva gani anapatikana usiku. Andika namba ya dereva huyo hapohapo, pamoja na 112 ya dharura.

Mkirudi, usifungue mkoba na kuusahau: weka kipimajoto mahali pa kuonekana. Yeyote akipata homa ndani ya wiki chache, apimwe malaria, na amwambie daktari mlikokwenda. Hadi majibu yatoke, mpe paracetamol peke yake. Diklofenaki na aspirini ziwekwe kando, kwa sababu homa hiyo inaweza kuwa dengue, na dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.