Uzani wa Modeli: Uingie Ndani ya Distro au Ubaki Nje?

ZUHURA: Mwangaluka, wasikilizaji wetu. Tupo Tabora, chumba cha nyuma cha stesheneri yangu, na mashine ya fotokopi nimeizima ili mtusikie vizuri. Mimi ni Zuhura, na niko na Mwalimu Shija kama kawaida.

SHIJA: Mwangaluka sana. Dada Zuhura, anza na lile la wiki jana, maana ndilo lililotuleta kwenye mada.

ZUHURA: Wiki jana kaja mama mmoja na picha ya harusi ya wazazi wake. Imefifia, ina mikunjo, anataka niisafishe. Nikapata programu huria ya kazi hiyo. Kuisakinisha ilikuwa dakika mbili, MB chache tu. Nikaifungua, nikaiwekea picha, nikasubiri. Kumbe yenyewe imeanza kushusha faili lingine, kimya kimya, bila kuniuliza. Nimekuja kushtuka bando la wiki nzima limekwisha na picha haijaguswa. Mama wa watu nikamwambia arudi Jumatatu. Iliniuma sana.

SHIJA: Ilikuwa inashusha uzani wa modeli, yaani ya akili mnemba. Wasikilizaji, programu ya namna hii yenyewe huwa ndogo, ni maelekezo tu. Ujuzi wote umo kwenye faili la namba zilizopatikana modeli ilipofunzwa. Hizo namba ndizo tunaita uzani, na huwa nyingi kweli. Modeli yenye namba bilioni 7, kila namba ikikaa kwenye baiti 2, faili lake ni GB 14. Ukizibana hadi biti 4, yaani nusu baiti, kwa kila namba, unabaki na karibu GB 4.

ZUHURA: Sasa mimi dai langu ni hili. Kompyuta zangu zote hapa ni Debian, distro ya Linux, yaani mfumo endeshi huria unaokuja na programu zake. Nikisakinisha pakiti, yaani programu iliyofungwa tayari, kwa apt, kile chombo cha Debian cha kusakinishia, inaniambia kabla: nitashusha kiasi hiki, nitakula nafasi kiasi hiki kwenye diski, ndiyo au hapana? Na pakiti imehakikiwa kwa SHA256, ile alama inayobadilika faili likiguswa, nikiletewa kwenye flashi najua haijachezewa. Kwa nini huo uzani nao usiwe pakiti? Ningeona GB 3, ningekataa, ningemwomba mdogo wangu wa Dar aishushe kule kwenye intaneti ya ofisini, anitumie flashi kwa basi.

SHIJA: Dai lako ni la haki, na watengeneza pakiti wengi wangekuunga mkono. Debian hawaruhusu pakiti ichukue kitu mtandaoni wakati inajengwa, kila kinachohitajika kiwe ndani. Ila kuna ugumu. Mmoja ni mdogo: faili la .deb, yaani pakiti yenyewe ya Debian, limefungwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa ar, na nafasi ya kuandika ukubwa wa kila kilichomo ni tarakimu 10 tu. Kikizidi GB 10, hakiingii.

ZUHURA: Si wagawe.

SHIJA: Wanaweza kugawa. Na hata ikiwa ndogo, uzani uwe pakiti yake na programu pakiti yake. La sivyo, mtu akirekebisha kosa moja la tahajia kwenye programu, wewe unashusha GB zote upya. Hilo linatatulika. Ugumu wenyewe hasa ni wa chanzo.

ZUHURA: Hapo ndipo huwa unanipoteza, Mwalimu. Faili nimepewa, leseni inaniruhusu kulitumia, kulinakili, kulibadilisha. Chanzo kipi tena?

SHIJA: Tuingie porini kidogo. Mjomba wako si ana mizinga Sikonge?

ZUHURA: Anayo, ya magome, imetundikwa kwenye miyombo.

SHIJA: Asali yake ikitoka nyeusi na kali kidogo, na wewe unaitaka nyeupe laini, unafanya nini? Huibadilishi ndani ya ndoo. Unahamisha mzinga, au unasubiri msimu ambao ua lingine limechanua. Data iliyofunza modeli ndiyo maua. Msimbo wa kufunza ndio mzinga. Uzani ni asali iliyokwisha kurinwa. GPL, leseni moja ya programu huria, inasema chanzo ni umbo lile la kazi ambalo mtu angependelea kulitumia anapotaka kuibadilisha. Sasa ukipewa ndoo ya asali, umepewa chanzo?

ZUHURA: Ngoja nikujibu hapo hapo. Asali hata kwenye ndoo watu wanaichanganya na tangawizi, na ndimu, na inakuwa dawa nzuri tu. Modeli nayo, umeniambia mwenyewe, mtu anachukua uzani uliopo anaufunza zaidi kwa data yake kidogo, kwa Kiswahili chake. Wengi wanaobadilisha modeli hawarudi kwenye maua kabisa. Kwa hiyo kwao wao umbo wanalopendelea ni uzani wenyewe!

SHIJA: Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wako, na siidharau. Lakini angalia kinachokosekana. Whisper, ile modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ilitolewa 2022 kwa leseni huria ya MIT. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti kutoka mtandaoni, Kiswahili kikiwemo. Sauti zenyewe hazikutolewa. Ikisikia vibaya neno la mtu wa Urambo, unaweza kuifunza zaidi, sawa. Lakini huwezi kwenda kuangalia Kiswahili ilichosikilizwa kilikuwa cha nani, na makosa yametoka wapi. Kwenye programu huria ya kawaida ningefungua msimbo nikaonyesha mstari wenye kosa. Haki hiyo hapa haipo.

ZUHURA: Na wale wa Open Source Initiative, shirika linaloeleza chanzo huria ni nini, wamesemaje?

SHIJA: Walitoa fasili yao ya akili mnemba ya chanzo huria Oktoba 2024. Wanataka uzani, msimbo, na maelezo ya kina kuhusu data. Data yenyewe si lazima yote itolewe. Mimi hapo sikubaliani nao. Maelezo ya maua si maua. Kuna waliotoa vyote, kama Allen Institute for AI na modeli zao za OLMo: uzani, msimbo na data. Kwa hiyo inawezekana.

ZUHURA: Sasa nikuoneshe kitu. Hii pakiti hapa, tesseract-ocr-swa. Naitumia kila siku. Mtu analeta barua iliyochapwa, naskani, inanitolea maandishi ya Kiswahili niyahariri. Ndani yake mna nini?

SHIJA: Kuna faili la mafunzo la Kiswahili. Tangu toleo la 4, la mwaka 2018, ndani yake ni mtandao wa neva. Yaani ni uzani.

ZUHURA: Na umo main, sehemu ya Debian ya vitu huru kabisa. Ulikuja umeshafunzwa, Debian hawakuufunza upya. Leo sheria yako kali ya kudai data ikipita, Mwalimu, huu nao utolewe? Mimi nifunge duka?

SHIJA: [anakaa kimya] Hapana. Hilo linanisumbua kweli, na liliwasumbua wao pia. Mwaka 2025 hoja ya kuamua jambo hili ililetwa Debian ipigiwe kura, ikajadiliwa kwa kirefu, kisha ikaondolewa kabla ya kura.

ZUHURA: Basi wafanye kama kwenye famweya, vile viprogramu vya kadi za waifai.

SHIJA: Naam, na huko ndiko ninakoelekea. Mwaka 2022 walipiga kura kuhusu famweya isiyo huru, na Debian 12 ilipotoka 2023 ikawa na sehemu yake, non-free-firmware. Waifai inawaka, na hakuna anayedanganywa kwamba kila kitu ni huru. Uzani upewe sehemu yake vivyo hivyo. Uliokuja na data yake na msimbo wa kufunza uingie main. Uzani mwingine ukae pale, na jina lake liseme ukweli.

ZUHURA: Na apt iniulize kabla.

SHIJA: Na apt ikuulize kabla. Na jambo moja la usalama, hili sitaki tulipite. Mafaili ya uzani ya mtindo wa pickle, wa lugha ya programu ya Python, yanaweza kubeba amri, ukiyafungua tu zinatekelezwa. Mtindo wa safetensors unabeba namba peke yake. Kwa hiyo hata kwenye hiyo sehemu mpya, pickle isiingie.

ZUHURA: Hilo nakubali bila ubishi. Lakini Tesseract yangu iliyomo main?

SHIJA: Ningetaka wanaoitunza wapewe muda wa kutafuta maandishi yaliyoifunza, au sisi wenyewe tukusanye ya Kiswahili yenye leseni safi tuifunze upya. Lugha moja, herufi za kuchapwa, si mzigo kama wa modeli ya bilioni 7.

ZUHURA: Hapa dukani nina makabati mawili ya risala na mihutasari ya vikundi. Wenyewe wakiridhia, tuanze na hizo.

SHIJA: Jumamosi nakuja na skana ya pili.