Unywele wa Namihei: Sanamu za Katuni katika Mitaa ya Japani

Mabibi na mabwana, nianze na unywele mmoja. Mwaka 2012, mtaa wa Sakurashinmachi jijini Tokyo uliweka sanamu za shaba za familia ya katuni ya Sazae-san. Namihei, baba yake Sazae, ana upara, na utosini umebaki unywele mmoja tu. Wapita njia waliunyofoa. Ukarudishwa, ukanyofolewa tena. Wezi walaumiwe, lakini hata mchoro una lawama zake: kalamu haijui uzito wala mikono ya watu.

Kitu chembamba kilichochomelewa juu juu hukatikia kwenye kiungo, maana nguvu yote ya kupinda hukusanyika hapo. Ni heri kutoboa ganda, kupitisha waya wa chuma cha pua na kuukaza kwa nati upande wa ndani. Ukikatika, unabadilishwa bila kupasua kichwa.

Nasema ganda kwa sababu sanamu ya shaba huwa tupu ndani, unene wake kama milimita 5. Fundi hufinyanga udongo, hutoa moldi, hupaka nta ndani yake, kisha huifunika nta hiyo kwa tabaka za kauri na kuiyeyusha itoke. Shaba iliyochanganywa na bati humiminwa katika nafasi iliyobaki. Ikipoa husinyaa karibu asilimia 2. Ukitaka Luffy, shujaa wa katuni ya One Piece, wa sentimita 174, kama yule aliyesimamishwa mbele ya ofisi za mkoa wa Kumamoto mwaka 2018, udongo uwe na 177 na ushee. Fundi akisahau hesabu hii, vipande vilivyomiminwa mbali mbali havikutani mabegani.

Kumamoto walifanya jambo la busara. Baada ya tetemeko la 2016, sanamu 10 za wahusika wa One Piece zilitawanywa katika miji na vijiji vilivyoumia, badala ya kurundikwa jijini. Anayetaka kuwaona wote lazima azunguke mkoa, ale na kulala huko.

Ukubwa unapozidi, shaba hailipi. Tetsujin 28, roboti wa katuni aliyeko Kobe, aliyejengwa mwaka 2009 katika mtaa wa Nagata ulioteketea kwenye tetemeko la 1995, ana mita 15.3 na tani 50 za chuma. Miguu yake imetanuliwa. Mkao huo ni wa mapambano, ila pia ndio unaozuia upepo kumpindua. Gundam, roboti mwingine wa katuni, aliyesimamishwa Odaiba jijini Tokyo mwaka huohuo, mita 18, alikuwa na kiunzi cha chuma kilichovikwa faiba, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Faiba ni nyepesi na hufuata mkunjo wowote, lakini jua huila: rangi hufifia, uso huwa na unga kama chaki. Anayeagiza faiba atenge fedha za kupaka upya tangu siku ya kwanza.

Sasa wizi. Sakaiminato, mji wa bandari, ulianza mwaka 1993 na sanamu 23 za mazimwi ya mchoraji katuni Mizuki Shigeru. Kufikia mwaka 2018 zilikuwa 177. Nyingi ni ndogo, na miaka ya mwanzo kadhaa ziling'olewa. Habari za wizi zikautangaza mji kuliko tangazo lolote la kulipia. Hata hivyo msitegemee bahati hiyo: nondo za chuma cha pua zitoke miguuni, zizame kwenye zege angalau sentimita 20, ncha zikiwa zimepindwa. Boliti inayoonekana inamwita mwenye spana.