Arosto Ikiisha, Hatari Haijaisha

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie matibabu ya watu waliozama kwenye heroini, mofini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Naanza na ombi ninalolisikia kwa wazazi karibu kila wiki: "Daktari, wewe msafishe tu mwanangu, hiyo sumu imtoke."

Mzazi anayesema hivyo amechoka, namwelewa. Tatizo ni kwamba kusafisha peke yake ndiko kunakotuzikisha vijana wengi. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, huanza ndani ya siku moja tangu dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hulegea taratibu ndani ya wiki hivi. Jasho, kutapika, kuhara, mifupa inauma, usingizi hakuna. Akishavuka hapo, nyumbani wanashangilia. Wasichokijua ni kwamba mwili wake umeshapoteza uzoefu wa dawa, na kipimo alichokimudu mwezi uliopita leo kinaweza kumkata pumzi. Kiu ya dawa nayo ipo palepale kichwani. Ndiyo maana vifo vinatokea sana siku za mwanzo baada ya mtu kutoka kusafishwa, au kutoka gerezani. Na mkiambiwa yapo matibabu ya kupigwa nusukaputi ili arosto ipite mgonjwa akiwa amelala, kataeni. Watu wamekufa kwa njia hiyo.

Matibabu yenyewe, basi, ni yapi? Ya zamani zaidi kati ya tunayoyategemea ni methadoni. Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander, madaktari wa New York, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa heroini waliowapa dawa hii kila siku. Methadoni inakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini huvikalia, ila inanywewa, inapanda polepole na kudumu siku nzima au zaidi. Mgonjwa halewi, wala haamki na arosto. Kwa kawaida siku ya kwanza hatuvuki miligramu 30, kisha tunapandisha kwa subira, kwa sababu dawa hii hujilimbikiza mwilini: dozi ya jana bado ipo wakati ya leo inaingia. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Wiki 2 za mwanzo ndizo zinazotukosesha usingizi, hasa mgonjwa akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Wengine tunawapima moyo pia, maana dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo.

Najua kuna wanaosema tumembadilishia unga, yaani heroini, kwa unga mwingine. Mimi namtazama mtu anayekunywa dozi yake asubuhi mbele ya muuguzi, akaenda kazini, jioni akala na watoto wake, wakati mwaka jana alikuwa akiiba masufuria ya mama yake. Sioni namna ya kuwaita watu hao wawili jina moja.

Dawa ya pili, buprenofini, huwekwa chini ya ulimi, na ipo pia ya sindano. Uzuri wake ni kwamba athari yake kwenye upumuaji ina kikomo, hivyo ikitumika peke yake ni salama zaidi kuliko methadoni. Ila ina masharti: mgonjwa asubiri arosto ianze kwanza. Akiwahi, itaisukuma heroini itoke kwenye vipokezi na kumtupa kwenye arosto kali papo hapo. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuiandika katikati ya miaka ya 1990, na vifo vya kuzidisha dozi vikashuka sana. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mbili katika orodha ya dawa muhimu.

Dawa ya tatu, naltreksoni, hufunga vipokezi kabisa, heroini isipate pa kukaa, lakini inamtaka mtu akae siku 7 hadi 10 bila unga, na wengi hawafiki. Kwa wachache walioshindwa na yote hayo, Uswisi tangu 1994 inatoa heroini safi ya hospitali, chini ya macho ya wauguzi. Mjamzito, nawasihi, asiachishwe ghafla. Apewe methadoni au buprenofini. Mtoto akizaliwa na arosto, inatibika.

Familia yenye mgonjwa iwe na naloksoni nyumbani, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi. Inarudisha pumzi kwa dakika chache, lakini huenda ikaisha nguvu kabla ya unga, kwa hiyo hata akiamka apelekwe hospitali.

Mtaniuliza ataacha methadoni lini. Sina tarehe ya kuwapa. Wapo wanaoitumia miaka mingi, na wako hai. Anayetaka kuacha tunampunguzia kidogokidogo kwa miezi, na kiu ikirudi tunapandisha dozi bila kumkaripia.

Naona mikono imeshanyooshwa. Mama uliye pale nyuma, karibu.