Kuchoma chipu ya GAL: kutoka mlinganyo hadi taa kuwaka

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunachukua chipu hii ndogo ya GAL yenye pini 20, tunaiandikia mantiki tunayoitaka sisi, na tukimaliza itafanya kazi ambayo ingehitaji chipu tatu au nne za familia ya 74, yaani zile chipu za mantiki zenye kazi isiyobadilika. Video hii inamfaa mtu anayejenga kompyuta ndogo ya biti 8, au yeyote aliyechoka kupanga geti moja moja kwenye ubao wa majaribio.

Tuanze na chipu yenyewe. Mwaka 1978 kampuni ya Monolithic Memories ilitoa PAL, chipu ambayo fyuzi zake ukishazichoma hazirudi tena. Mwaka 1985 Lattice wakaleta GAL, inayofutika kwa umeme na kuandikwa upya. Lattice wameacha kuzitengeneza zamani, ila Atmel walikuwa na za kwao zinazofanana, ATF16V8 na ATF22V10, na Microchip, ambao waliinunua Atmel mwaka 2016, wameendelea nazo. Ushauri wangu ni huu: kama unaanza, nunua ATF mpya. GAL za zamani zinazouzwa kwa mafungu mara nyingi zimeng'olewa kwenye mbao za mashine kuukuu, nyingine zimefutwa maandishi na kupigwa chapa upya. Unaweza kukesha ukitafuta kosa kwenye kazi yako kumbe chipu ilishakufa.

Namba 16V8 inasomeka hivi: hadi pini 16 za kuingiza, na 8 zinazoweza kutoa. Ukiiangalia kipengo cha nusu duara kikiwa juu, pini ya 1 iko kushoto kabisa juu. Pini ya 10 ni ardhi, ya 20 ni volti 5. Za kutoa ni 12 hadi 19. Zilizobaki ni za kuingiza tu.

Sasa vifaa. Chipu hizi haziandikwi kwa volti 5 peke yake. Ili ziingie katika hali ya kuandikwa, pini mojawapo lazima ipewe volti kubwa zaidi, kwa kawaida kati ya 9 na 16 kutegemea chipu. Kwa hiyo Arduino tupu haitoshi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kifaa cha kuchomea kilicho tayari, kama TL866II Plus au mrithi wake T48. Unakichomeka kwenye USB, basi. Ya pili ni mradi wa wazi unaoitwa Afterburner, unaotumia Arduino Uno pamoja na kijibao cha MT3608 cha kupandisha volti. Afterburner ni mzuri kwa mtu anayependa kujenga mwenyewe, lakini hakikisha unapima hiyo volti kwa mita kabla ya kuweka chipu. Leo natumia cha USB.

Kabla hatujagusa kompyuta, chukua karatasi na kalamu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukishafika kwenye kuchoma, ni sekunde chache tu.

Mfano wetu ni kigawa anwani cha kompyuta inayotumia prosesa ya 6502. Prosesa hii ina anwani za biti 16, na lazima mtu aamue anwani ipi inaenda RAM, ipi ROM, ipi vifaa vya nje. 6502 yenyewe inatubana kidogo. Stafu (stack) yake iko 0100 hadi 01FF, kwa namba za heksadesimali, na ukurasa wa sifuri, yaani anwani 256 za mwanzo, uko chini yake, kwa hiyo chini lazima kuwe na RAM. Ikiwashwa inasoma FFFC na FFFD kujua ianzie wapi, kwa hiyo juu lazima kuwe na ROM. Basi tunagawa hivi: RAM inachukua 0000 hadi 7FFF, vifaa vya nje 8000 hadi 8FFF, ROM C000 hadi FFFF. Kuanzia 9000 hadi BFFF tunaacha wazi kwa matumizi ya baadaye.

Ukiandika mipaka hiyo kwa biti, utaona waya nne za juu zinatosha: A15, A14, A13 na A12. A15 ikiwa 0, ni RAM. A15 na A14 zote zikiwa 1, ni ROM. A15 ikiwa 1 na tatu zinazofuata zikiwa 0, ni vifaa vya nje. Hayo ndiyo yote, na ndiyo tunayoandika.

Fungua kihariri chochote cha maandishi, kisha andika faili hili. Mimi nimeliita dekoda.pld. Lugha yake ni ya programu ya GALasm; Galette nayo inaisoma vilevile.

GAL16V8
DEKODA

PHI2 RW A15 A14 A13 A12 NC NC NC GND
NC RAMCS ROMCS IOCS WE OE NC NC NC VCC

/RAMCS = /A15
/ROMCS = A15 * A14
/IOCS = A15 * /A14 * /A13 * /A12
/WE = PHI2 * /RW
/OE = PHI2 * RW

DESCRIPTION
Kigawa anwani cha 6502

Tuupitie pamoja. Mstari wa kwanza ni aina ya chipu. Wa pili ni sahihi ya herufi hadi nane, inayohifadhiwa ndani ya chipu. Weka kitu kitakachokukumbusha toleo. Kisha majina ya pini: 1 hadi 10 kwenye mstari mmoja, 11 hadi 20 kwenye unaofuata. NC ni pini isiyotumika. PHI2 ni mapigo ya saa ya 6502, RW ni waya wake unaokuwa juu ikisoma na chini ikiandika. Majina yenye CS yanachagua chipu, WE inaruhusu kuandika, OE inaruhusu kusoma. Nyota ni NA, alama ya kujumlisha ni AU, mkwaju ni SIYO. Neno DESCRIPTION ni la lazima, ukilisahau programu italalamika.

Mkwaju ulio mbele ya jina la kutoa ndio unaowachanganya wengi. /RAMCS = /A15 inasema: pini ya RAMCS ishuke chini pale A15 inapokuwa chini. Chipu za kumbukumbu karibu zote huchaguliwa kwa kushushwa, ndiyo maana nimeandika hivyo kwa pini zote tano.

Kuhusu PHI2. Nimeiweka kwenye WE kwa sababu anwani za 6502 zinabadilika wakati PHI2 iko chini. Ukiruhusu kuandika wakati huo, data inaweza kutua mahali pasipo pake ndani ya RAM. Lakini sikuiweka kwenye IOCS, na hilo si kusahau. Chipu ya vifaa vya nje kama 6522 inataka ichaguliwe kabla PHI2 haijapanda. Ukichanganya IOCS na PHI2 itakuwa inachelewa, na utapata kompyuta inayofanya kazi leo na kugoma kesho.

Jambo moja zaidi kuhusu 16V8: ina hali tatu za ndani, na programu inachagua yenyewe kulingana na ulichoandika. Milinganyo yetu ni mepesi, kwa hiyo tumo kwenye hali rahisi, ambamo pini ya 15 na ya 16 zinaweza kutoa tu, haziwezi kuingiza. Siku utakayotumia rejista, yaani pini ya kutoa inayokumbuka hali yake hadi pigo la saa linalofuata, utakapoandika nukta R baada ya jina, pini ya 1 inageuka kuwa ya mapigo ya saa na ya 11 inakuwa ya kuruhusu matokeo, nayo lazima ishushwe chini. Usipojua hili utajiuliza kwa nini pini zako za rejista zimekaa kimya.

Sasa terminali. Andika:

galasm dekoda.pld

Ikikubali, utapata mafaili kadhaa. Lenye kiishio .pin lina orodha ya pini, la .chp lina mchoro wa chipu. Chapisha mchoro huo uuweke mezani. Tunalolihitaji ni dekoda.jed. Lifungue uone: ni maandishi ya kawaida, na ndani yake kuna QF2194. Hiyo ni idadi ya fyuzi. 2048 kati yake ni jedwali la mantiki, zinazobaki ni sahihi na mipangilio.

Weka chipu kwenye soketi ya kifaa. Inua wenzo, elekeza kipengo upande ulioonyeshwa kwenye mchoro wa kifaa chako, shusha wenzo. Angalia mara mbili. Chipu iliyogeuzwa inapata umeme kinyumenyume, na ikipata joto ghafla, ichomoe mara moja.

Mimi natumia minipro, programu ya wazi. Kwanza tafuta jina sahihi la chipu:

minipro -L ATF16V8

Chagua linalolingana na maandishi yaliyo juu ya chipu yako, herufi kwa herufi. Kisha:

minipro -p ATF16V8B -w dekoda.jed

Inafuta, inaandika, inahakiki. Kama unataka kuhakiki tena baadaye, weka -m badala ya -w. Kuna pia fyuzi ya usalama inayozuia chipu isisomwe. Ukiifunga huwezi kuthibitisha kilichomo mpaka uifute yote. Kwa kazi ya nyumbani sioni faida yake. Datashiti inahakikisha kufuta na kuandika mara 100, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kujaribu, ila usiifanye kuwa mchezo.

Usiikimbize kwenye kompyuta bado. Ipeleke kwenye ubao wa majaribio: volti 5 kwenye pini ya 20, ardhi kwenye ya 10, na kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini hizo. Ukihisi chipu ina uvuguvugu, ni kawaida. Chipu za aina hii hula makumi ya miliampia hata zikiwa zimetulia.

Taa za LED ziunganishe hivi: kutoka volti 5, kupitia rezista ya kilo-omu 1, kupitia LED, kuingia kwenye pini ya kutoa. Usifanye kinyume. Pini hizi zinaweza kuvuta hadi miliampia 24 zikiwa chini, lakini zikiwa juu zinasukuma tatu au nne tu. Zaidi ya hapo, kwa mpango huu taa inayowaka ina maana kuwa kitu kimechaguliwa, na macho yanasoma haraka.

Pini za kuingiza ziunganishe kwa waya moja kwa moja kwenye ardhi au volti 5. Usiache hata moja ikining'inia. Nyingi zina rezista za ndani zinazovuta juu, utasoma 1 ambayo hukuiweka. Na usiamini rezista ya kilo-omu 10 kwenda ardhini. Mvuto wa ndani unaweza kufika mikroampia 100, ambao ni volti nzima 1 juu ya rezista hiyo, wakati kikomo cha kusomwa kama 0 ni volti 0.8.

Haya, tujaribu. A15 chini: taa ya RAM inawaka peke yake, hata nikichezesha A14, A13 na A12. A15 na A14 juu: ROM. A15 juu, tatu zilizobaki chini: IO. Nikipandisha A12, zote tatu zinazimika, na ndivyo tulivyotaka kwa 9000. Sasa PHI2 chini: WE na OE zimezima. PHI2 juu, RW juu: OE. RW chini: WE.

Kama taa mbili za kuchagua zinawaka pamoja kwako, rudi kwenye milinganyo. Kama hakuna inayowaka kabisa, pima volti kwenye pini ya 20 kwanza, kisha angalia kama LED zimegeuzwa. Kama kila kitu kiko sawa, bandika kipande cha karatasi juu ya chipu, uandike jina na toleo ulilotumia kwenye mstari wa sahihi, kwa sababu kwa nje chipu iliyoandikwa na isiyoandikwa hazina tofauti yoyote. Halafu ihamishie kwenye kompyuta yako.